Waliniambia Niitupe: Nilivyoifufua Kompyuta ya Steshenari kwa Laki na Kidogo

Kila asubuhi nilikuwa nabonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta, nafagia duka, natoa nje bango la "Passport size dakika 5", navuka barabara kununua vitumbua, narudi, na vile vidoti bado vinazunguka kwenye kioo. Hizo dakika tano za bango zilikuwa zinaishia kwenye kuiwasha tu. Mteja akija na flashi yake ya barua ya kuomba kazi namwambia karibu kiti, na kweli anakaa, mpaka anamaliza gazeti.

Mashine ni HP Compaq 8200 Elite, ile nyembamba ya kulala, ya mwaka 2011. Prosesa (ubongo wake) i5-2400, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, diski ya kuhifadhia GB 500. Duka langu liko Morogoro, na siku ile sikuwa na hela ya kununua nyingine. Kwa hiyo niliita mafundi, kosa la kwanza.

Fundi mmoja alipiga Windows upya kwa 15,000. Wiki mbili tukarudi pale pale. Wa pili hakuifungua hata kifuniko. "Dada, hii imekula chumvi ya kutosha. Nina nyingine pale dukani, laki nne tu, kwa sababu ni wewe." Daktari anayeuza sanda! Binamu yangu anayecheza magemu naye akashauri nitafute prosesa ya i7 na kadi ya picha. Mimi nachapa CV na mikataba ya kupangisha vyumba, kadi ya picha ya nini?

Jioni moja nimekasirika, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, ikafunguka Task Manager inayoonyesha nani anafanya kazi ndani ya kompyuta, nikaangalia mwenyewe. Sijafungua chochote, lakini diski iko 100%. Prosesa 6%, imekaa inanitazama. Yaani ofisi nzima ya makarani hawana kazi, wote wanamsubiri mzee mmoja wa masjala alete faili. Hapo nikajua cha kununua ni SSD, ile diski ya kasi, basi.

Nikapanda SGR kwenda Dar, 13,000, nikaingia Kariakoo. SSD ya GB 256 nilipata kwa 65,000, au 68, risiti imefutika. Ningegeuza hapo hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini kuna kijana alikuwa na meza ya RAM. "Mama, DDR3 GB 8, moja elfu kumi na tano." DDR3 ndiyo aina ya RAM ya mashine yangu. Nikashtuka, maana kwingine GB 4 walikuwa wanataka zaidi ya hapo. Nikamuuliza, hii itakubali kwenye mashine yangu? "Mama, RAM ni RAM, ilimradi DDR3." Nikachukua mbili. Kwenye treni nilikuwa nazitoa kwenye mfuko kila baada ya muda nazitazama, GB 16, nani kama mimi.

Nyumbani nikazichomeka, zikaingia vizuri kabisa. Nikawasha. Taa nyekundu, pi, pi, pi, pi, pi. Kimya. Tena mara tano. Jirani yangu wa chipsi akaja na kijiko mkononi akidhani ni kengele ya moto. Nikazitoa, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli (hii kweli husaidia, RAM ikiwa na uchafu tu), nikarudisha. Mara tano. Nikaweka moja moja, nikahamisha tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Saa nne usiku, mume wangu ananipigia simu, na ile mashine inalia nyuma yangu kama kifaranga kilichopotea.

Kesho yake nikalaza RAM ya zamani na mpya kwenye meza, ubavu kwa ubavu. Ya zamani, vijumba vyeusi vinane upande mmoja. Mpya, tisa, na katikati kuna kingine peke yake kama imamu mbele ya safu. Nikasoma stika: ya zamani PC3-10600U, mpya PC3-10600R. Hiyo R ndiyo iliyonila 30,000. Ni RAM za seva, zile kompyuta kubwa za kuhudumia kompyuta nyingine. Mkato wa chini ni ule ule, kwa hiyo zinaingia, lakini kompyuta ya kawaida ya mezani haizitaki. Ukienda kununua, soma herufi ya mwisho kabla hujauliza bei. Iwe U.

Za U nilizipata hapa hapa Moro, GB 4 mbili, kutoka kwenye kompyuta iliyoungua pawa saplai, 35,000 zote. Matundu yapo manne, kwa hiyo na zile za zamani zimebaki. GB 12. SSD haikuwa na pa kukaa, nikatoa kisoma CD (mara ya mwisho kuletewa CD ilikuwa ya harusi), nikaibandika pale kwa gundi ya karatasi ya pande mbili. Haina kinachozunguka ndani, hata ukiiweka kichwa chini haijali. Waya za kisoma CD nikaipa diski ya zamani, maana tundu la kasi lililokuwa la diski nilitaka liende kwa SSD.

Na ule "ugonjwa" wa tovuti kugoma kufunguka, ambao fundi alinitoza 10,000 akisema ni virusi? Betri ya saa, ile ya duara CR2032, ilikuwa imekufa, tarehe inarudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, na tovuti zinakataa. Betri 2,000. Dawa ya kupaka kwenye prosesa ili itoe joto 5,000 hivi, ya zamani ilikuwa imekauka kama ukoko. Kuna aliyesema nipake dawa ya meno. Nilimwacha na meno yake.

Sasa inawaka sekunde ishirini, vitumbua nanunua saa nne. Windows 11 haitaki prosesa ya kizazi cha pili, na Windows 10 ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Nimejiandikisha masasisho ya ziada hadi Oktoba 2026. Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, nimeijaribu kwa flashi, printa ikaijua yenyewe, ila CV za wateja za Word zilihama mistari, kwa hiyo bado tunaangaliana.

Yule wa laki nne hupita dukani kutoa kopi. Zile RAM za seva, moja iko kwenye droo. Nyingine nimeifunga uzi, ndiyo kishikio cha ufunguo wa choo, na haijapotea hata siku moja.