Mkate wa Liwali

Somo: Nehemia 5:1–19

Bwana asifiwe, wapendwa.

Tukimhubiri Nehemia, wengi wetu hukimbilia ukuta wa Yerusalemu alioujenga upya. Siku 52 mji umezungushiwa, maadui wamefedheheka, haleluya, harambee ianze. Sura ya 5 huwa tunairuka, na sababu naielewa. Humo hamna Sanbalati wala Tobia, wale maadui wa nje waliopinga ujenzi. Anayeumiza watu humo ni ndugu yao.

Watu wanalia. Wameweka rehani mashamba na nyumba wapate nafaka wakati wa njaa, wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na tayari baadhi ya binti zao wametiwa utumwani. Waliowakopesha ni wakuu wa taifa lao wenyewe. Mtu wa namna hii atajenga kwa nguvu gani? Mchana anaziba ufa wa mji, jioni analala katika nyumba ambayo kesho huenda si yake.

Sisi wa nyanda za Kano, hapa Kisumu, hatuhitaji kuelezwa sana. Kwenye mradi wa umwagiliaji wa Ahero, unaotumia maji ya mto Nyando, wapo wanaonunua mpunga ungali kijani shambani. Mama amebanwa na karo, anapewa pesa leo, na bei ya gunia anaitaja mnunuzi. Siku ya kuvuna anamvunia mwingine. Halafu sisi tunakaa mkutanoni kuuliza mbona siku hizi haji kuzibua mfereji, tunamwita mvivu. Ilhali mfereji ukiziba kwake, wa chini yake naye hapati maji, na mavuno ya wote yanashuka. Mara nyingi, kabla ya kusema watu wetu hawafanyi kazi, ingefaa tuulize wanamfanyia nani.

Tazameni mstari wa 11. Riba iliyomkasirisha Nehemia ilikuwa sehemu moja ya mia, ambayo wafafanuzi wengi huichukua kuwa ya kila mwezi. Asilimia moja! Kwenye vikundi vyetu kuna wanaotoza asilimia 10 kwa mwezi na kuiita msaada. Tena Nehemia hajitoi. Mstari wa 10 anasema wazi kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao wamekopesha watu, kisha anasihi: tuiache riba hii. Kiongozi anayeanza na daftari lake mwenyewe anasikilizwa.

Sasa mkate wenyewe. Kwa miaka 12 alikuwa liwali, yaani gavana, wa Yuda, na posho ya chakula ilikuwa haki ya cheo chake. Hakuila. Waliomtangulia walichukua mkate na divai pamoja na shekeli 40 za fedha, na hata watumishi wao wakawatawala watu. Hapo kwenye watumishi ndipo mimi hukwama. Mkubwa akila, karani wake ataomba chai, dereva atataka yake, na mlinzi wa getini naye atakuwa liwali mdogo. Hakuna aliyewaandikia agizo; wameiga walichokiona mezani.

Na si kwamba Nehemia alikulia kwenye dhiki ndiyo maana akazoea kidogo. Alitoka Shushani, mji wa ikulu ya Uajemi, mnyweshaji wa mfalme. Ingekuwa mazingira peke yake ndiyo humfanya mtu, angeshuka Yerusalemu na tumbo la ikulu. Sababu anazozitoa ni mbili: kumcha Mungu, na mzigo mzito uliowalemea watu. Wala hakuwa bahili. Kila siku ng'ombe mmoja na kondoo sita wazuri walichinjwa, na mezani pake waliketi watu 150.

Kuna neno dogo katika mstari wa 16 ambalo mahubiri mengi hulipita: anasema hawakununua shamba lolote. Fikirieni. Mji uliobomoka unajengewa ukuta, na liwali ndiye anayejua lini utakamilika na malango yatakaa wapi. Mashamba yamewekwa rehani, wenyewe wana njaa, bei iko chini. Kwetu, tangu Kisumu hadi Nakuru, barabara ikipangwa kupita mahali, ploti huwa zimeshabadilisha wenyewe kabla mwananchi hajaona hata kigingi. Pengine Nehemia asingevunja sheria yoyote kama angenunua. Aliacha tu, akashika kazi ya ukuta, na watumishi wake wote walikusanyika hukohuko kazini.

Alhamisi tunachagua mwenyekiti na mweka hazina wa kikundi. Nimeomba mstari wa 14 hadi wa 18 isomwe kwa sauti kabla ya kura, na kila anayegombea aseme mbele ya wenzake amewakopesha akina nani hapa, na kwa riba gani. Najua wapo watakaosema tunaaminiana. Wale wakuu wa Yerusalemu nao walikubali papo hapo kurudisha mashamba, na bado Nehemia aliwaita makuhani akawaapisha. Mchungaji ameshakubali kuja.