Kabla ya kununua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu

Anayefanya kazi mbele ya kompyuta kutwa nzima anaijua hali hii vizuri: ikifika alasiri macho huwasha kana kwamba yameingiwa na mchanga, herufi huanza kufifia, kichwa huuma juu ya nyusi, na akiinua uso kutazama mbali huchukua muda kidogo kabla ya vitu kuonekana sawasawa. Kazi yangu ni kuhariri maandishi, na kila mazungumzo yanapofika kwenye uchovu wa macho, watu huniuliza kwanza kuhusu miwani ya kuzuia mwanga wa bluu. Ninalijibu swali hilo mapema ili nafasi ibaki kwa mambo yenye uzito zaidi.

Mwanga wa bluu unaotoka kwenye skrini ni mdogo mno ukilinganishwa na ule tunaoupata nje mchana, na hakuna ushahidi kwamba huiharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mwaka 2023 shirika la Cochrane, ambalo hukusanya na kupima matokeo ya majaribio ya tiba, lilichapisha mapitio ya majaribio 17 yaliyohusu miwani hiyo, na hitimisho lake lilikuwa kwamba, kwa matumizi ya muda mfupi, huenda haipunguzi uchovu wa macho kuliko miwani isiyo na kichujio. Mwanga mkali usiku unaweza kuchelewesha usingizi, na kwa sababu hiyo kupunguza mwangaza wa simu kabla ya kulala ni jambo jema, lakini hilo ni suala la usingizi. Macho yanayowasha saa tisa alasiri yana sababu nyingine.

Sababu ya kwanza ni kwamba tunasahau kupepesa. Mtu aliyetulia hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika, ila anapoikazia skrini idadi hiyo inaweza kushuka hadi mara 5 au 7. Kila kope zinapofumba, hutandaza upya utando wa machozi juu ya jicho, na utando huo si maji matupu: juu yake pana tabaka jembamba la mafuta, yatokayo kwenye tezi zilizojipanga kwenye kingo za kope, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji yasikauke upesi. Utando ukikatika kabla ya pepeso linalofuata, sehemu ya jicho hubaki wazi hewani, na hapo ndipo mwasho na ukungu huanza. Hii pia ndiyo sababu macho makavu huweza kutiririka machozi, jambo linalowashangaza wengi: jicho lililokereka humwaga maji mengi kwa ghafla, lakini maji hayo huteleza shavuni bila kukaa juu ya jicho.

Mchunguze mtu anayesoma jedwali refu la hesabu na utaona jambo jingine. Hata anapopepesa, mara nyingi ukope wa juu hushuka nusu tu, kisha hurudi juu kabla haujaugusa ule wa chini, kwa hiyo sehemu ya chini ya jicho haipati unyevu wala mafuta. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu hapagharimu chochote: fumba macho taratibu hadi kope zikutane, yaache yamefumba kidogo, kisha fumbua, na urudie mara kadhaa. Ukilifungamanisha zoezi hili na tendo unalolifanya kila mara, kama vile kutuma ujumbe au kungoja faili lifunguke, halitakuhitaji ulikumbuke. Pamoja na hilo, hakikisha hewa ya feni au kiyoyozi haikupigi usoni, na ishushe skrini ili ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo. Anayetazama chini hufunika sehemu kubwa zaidi ya jicho kwa kope, ilhali skrini iliyoinuliwa juu humlazimu kuyakodoa macho siku nzima.

Sababu ya pili ni umbali. Ili kuona kitu cha karibu, msuli mdogo uliomo ndani ya jicho hukaza na kuifanya lenzi inenepe, na hulegea tunapotazama mbali, kuanzia kama mita 6. Skrini iliyo umbali wa sentimita 60, yaani karibu urefu wa mkono, huudai msuli huo nusu tu ya juhudi inayodaiwa na simu iliyoshikwa sentimita 30 kutoka usoni. Ndiyo maana mimi huona kwamba kukuza herufi kwenye simu kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani: herufi zikiwa kubwa, mkono hurudi nyuma wenyewe. Jeffrey Anshel, mtaalamu wa macho wa Marekani, ndiye aliyeeneza kanuni ya kutazama umbali wa futi 20, ambazo ni hizo mita 6, kwa sekunde 20 kila baada ya dakika 20. Namba hizo zimepangwa kwa urahisi wa kukumbukwa, kwa hiyo asiyeweza kuzifuata barabara asikate tamaa, bali atazame nje ya dirisha kila aya inapoisha.

Kuhusu mwanga wa chumba, izime skrini kisha uitazame ikiwa nyeusi. Ukiona dirisha au taa humo, hicho ndicho unachopambana nacho kila unaposoma, na mara nyingi kuigeuza meza ili dirisha liwe ubavuni hutosha.

Waliovuka miaka 40 wana jambo lao la ziada, kwa kuwa lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu kadiri umri unavyosonga. Miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40, na kompyuta iko mbali zaidi ya hapo, hivyo mvaaji huishia kuinamia skrini. Mwenye miwani ya lenzi zinazobadilika nguvu kutoka juu kwenda chini naye huinua kidevu hadi shingo iume. Pima kwa rula umbali kutoka machoni hadi kwenye skrini yako na umtajie anayekupima macho.

Matone ya kulainisha macho husaidia, na anayeyahitaji zaidi ya mara 4 kwa siku ni afadhali achague yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali inayozuia vijidudu kuota ndani ya chupa. Ninasihi sana, hata hivyo, mtu asijinunulie matone yenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa sababu tu yanaondoa wekundu haraka, kwani yakitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari huweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho na kusababisha glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, au mtoto wa jicho. Maumivu makali ya jicho moja, vimulimuli vya ghafla, kuona pazia jeusi, au kupungukiwa uwezo wa kuona kwa ghafla si uchovu wa skrini hata kidogo, na mwenye dalili hizo anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo.