Miavuli ya Taganka

Kiangazi cha 1980 Moscow ilikuwa ya Olimpiki, na sisi Watanzania wachache tuliobaki bwenini hatukuwa na mazungumzo mengine ila wanariadha wetu Bayi na Nyambui. Jumatatu asubuhi, tarehe 28 Julai, nikashuka ngazi na kumkuta bibi mlinzi wa mlango, yule mkali wa kutudai kadi, analia.

“Volodya wetu leo anazikwa, mwanangu.”

Nikampa pole. Nilijua ni Vladimir Vysotsky, mwigizaji na mwimbaji. Novemba iliyotangulia bibi huyuhuyu aliutelekeza mlango, akakaa nasi mbele ya televisheni sehemu zote tano, akimtazama Vysotsky akiwa kapteni Zheglov, mwinda majambazi wa Moscow ya baada ya vita. Mimi nilikuwa na kinyongo naye. Katika filamu ya 1976 aliigiza kama Ibrahim Hannibal, Mwafrika wa Tsar Peter, baba wa babu mzaa mama wa mshairi Pushkin, na ili afanane naye wakampaka rangi nyeusi usoni. Mji una wanafunzi Waafrika tele, nilikuwa nikisema, wamekosa hata mmoja? Wenzangu walinicheka. Kuimba, lakini, nilimkubali. Kanda zake za kunakili zilizagaa kila bweni, na sauti ile ya kukwaruza ukiisikia mara moja huisahau.

Bibi hakuweza kuacha zamu. Akanipa maua manne, akinionya nisipoteze hata moja: ya msiba lazima yawe jozi.

Gazeti la jioni lilikuwa limetoa tangazo dogo tu, lakini Uwanja wa Taganka, mbele ya ukumbi wake wa maigizo, haukuwa na pa kutia mguu. Watu walipanda hadi juu ya vibanda. Mle ndani ya ukumbi, alikocheza Hamlet tangu 1971, ndimo alimolazwa, miaka 42 tu. Jua lilikuwa kali. Wingu halikuwepo, ila miavuli ilifunguliwa kila upande, nikashangaa, hadi nilipoona wenyewe wamesimama juani: kivuli kilikuwa cha maua.

Sikufika mlangoni. Mama mmoja akageuka, akanitazama usoni kidogo, kisha akanyoosha mkono. Nikampa yangu manne. Yakapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, mpaka yakanipotea.

Niliporudi bibi hakunidai kadi. Aliuliza kama maua yalinyauka njiani. Nikamweleza habari ya miavuli.