Siku moja maishani mwangu: Subaru ya kwenda kukimbia Athi River

Saa 11 alfajiri naamka Likoni. Nikishasali nateremka feri mapema, watu hawajasongamana. Karibu na gereji yetu Shimanzi kuna mama wa mahamri na mbaazi. Nanunua ya watu wawili, yangu na ya kijana ninayemfunza kazi.

Saa 1:30 mwenye gari amefika. Ni Subaru Impreza, na Jumamosi atalipeleka Athi River kwenye uwanja wa lami kushindana na saa. "Fundi, nikatie springi, gari lilale chini kabisa."

"Hilo sikufanyii, mdogo wangu."

Springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake. Tena gari likishushwa kupita kiasi, mikono ya chini, vyuma vinavyounganisha magurudumu na bodi, hupanda kuelekea juu, na gari huzidi kuinama kwenye kona badala ya kutulia. Tairi la nje linabaki kukanyaga kwa ukingo tu. Anakubali, ingawa uso wake haujaridhika.

Gari likiwa juu ya stendi, kazi ya kwanza ni kutikisa. Nashika tairi juu na chini, kisha kushoto na kulia. Boljointi, yale maungio ya mviringo yanayoruhusu gurudumu kugeuka, ni nzima. Bushi za nyuma za mikono ya mbele, zile mpira zinazoshika mkono kwenye bodi, zimepasuka. Nachomeka mtaimbo nimwonyeshe mkono unavyocheza. Yeye amekuja na stabilaiza nene ya nyuma, fito ya chuma inayozuia gari kuinama, na ni kifaa kizuri: Subaru nyingi pua hukataa kuingia kona, nyuma ikikazwa kidogo pua hutii. Lakini kwa bushi zile, vipimo vyote ningemwekea leo vingehama kwenye breki ya kwanza. Basi bushi kwanza.

Saa 3 mpaka saa 6 ni vita na kutu. Chumvi ya bahari yetu haisamehi chuma. Kwenye Impreza, bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokabzoba ya mbele ina tumbo upande mmoja. Ukiizungusha, tairi huinamia ndani au nje. Hii imeganda. Tunanyunyizia mafuta, tunasubiri, tunagonga taratibu, tunanyunyizia tena. Moto situmii, sili ya shokabzoba iko jirani.

Kijana anataka kukaza bushi mpya gari likiwa bado juu. Namzuia mkono. Mpira wa bushi umeshikana na chuma chake cha ndani. Ukikaza miguu ikining'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokoteka siku zote na utakatika mapema. Hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Kosa hili nalikuta kwenye magari mengi, na huniuma, kwa kuwa kulikwepa hakugharimu hata shilingi.

Sala ya adhuhuri, wali na mchuzi wa papa, tunarudi.

Saa 8 huanza sehemu ninayoipenda kuliko zote. Sakafu yetu ina mteremko, kwa hivyo natumia paipu ya maji ya mwashi kutafuta usawa wa pale matairi manne yanapokaa, upande wa chini nikiongeza vipande vya ubao. Juu ya kiti cha dereva naweka mfuko wa saruji wa kilo 50 na gunia la mchanga la kilo 25, maana mwenyewe ana kilo 75. Gari tupu hukaa tofauti na gari lenye mtu.

Kemba, yaani tairi linavyoinamia ndani au nje, napima kwa timazi. Kutoka ukingo wa juu wa rimu hadi wa chini ni sentimita 45. Juu ikiingia ndani milimita 12, hiyo ni takriban digrii 1 na nusu. Ndiyo ninayotaka mbele, ili gari likiinama kwenye kona tairi likanyage kwa upana wake wote. Ukigusa kemba, mwelekeo wa tairi nao hubadilika, kwa hivyo mshipi wa kuvulia huja baadaye. Nautandaza kila upande wa gari, nikapima mbele na nyuma ya kila rimu. Mbele nimeacha matairi yatazame sawa kabisa. Uwanjani yakitazama nje kidogo gari huingia kona upesi, lakini ana zaidi ya kilomita 400 za barabara kabla ya kufika, na ukingo wa ndani ungeliwa njiani.

Upepo wa matairi sikumalizia. Hapa ni usawa wa bahari, Athi River ni karibu mita 1,500 juu. Hewa ya nje huko ni nyepesi, geji itasoma kama paundi 2 zaidi bila mtu kuongeza kitu, na baridi ya asubuhi itazirudisha chini. Apime kulekule, na apime tena matairi yakiwa na moto.

Saa 11 jioni nalipeleka barabara ya Dongo Kundu, mwendo wa kawaida tu. Usukani umenyooka.

Nimempa kipimajoto cha sindano. Akitoka uwanjani achome kila tairi ndani, katikati na nje, kabla hayajapoa. Nje kukizidi moto, kemba haijatosha. Katikati kukizidi, upepo ni mwingi. Jumamosi gereji tutafunga mapema, na simu itakuwa mkononi mwangu nikingoja namba zile 12.