Simba wa Ziwa Manze, kwa usawa wa maji

Kwa miaka mingi nimepiga picha za simba nikiwa juu ya gari, na karibu zote zina kasoro moja: mnyama anatazamwa kutoka juu, mgongo wake ukiwa karibu nasi kuliko macho yake. Agosti iliyopita niliingia na boti ndogo katika Ziwa Manze, mojawapo ya maziwa yanayolishwa na Mto Rufiji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Wakati wa kiangazi, madimbwi ya porini yakishakauka, swala pala hulazimika kuja kunywa ziwani, na simba, ambao hulijua hilo vyema, hujilaza kivulini karibu na ukingo wakiwasubiri.

Tuliwaona majike watatu yapata saa kumi na moja jioni. Nahodha alizima injini tukiwa bado mbali, akashika upondo na kutusogeza taratibu, akilizunguka kundi la viboko kwa tahadhari kubwa, kwa maana kwa mtu aliye ndani ya boti kiboko aliyezama ni wa kuogopwa kuliko simba aliye nchi kavu. Nilipotaka kuinuka aliniambia kwa sauti ya chini, “Kaa, mwanangu. Ukisimama wanaona mtu. Ukikaa wanaona boti.”

Boti haitulii hata injini ikizimwa, kwa hiyo stendi ya miguu mitatu haisaidii kitu humo. Niliegemeza viwiko magotini, nikapandisha kasi ya shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, hadi 1/1600 ya sekunde na kuzikubali chembechembe zinazoharibu picha kwa sababu ya ISO kubwa, yaani kamera kuongezewa wepesi wa kuhisi mwanga, kwani hizo husafishika baadaye, ilhali picha iliyotikisika haina dawa.

Jike mmoja akashuka kunywa. Jua lililokuwa nyuma yetu lilipiga majini na kurudi juu, likamulika kidevu chake na chini ya macho, mahali ambapo katika picha zangu za garini huwa na kivuli kizito. Niliuona ulimi ukijikunja kwa nyuma kila ulipogusa maji, na matone yakining’inia kwenye sharubu. Hakututazama, macho yake yalikuwa yakipekua maji, nadhani kwa hofu ya mamba.

Ndipo boti nyingine ikaja kwa kasi, ingawa nahodha wetu aliwapungia mkono wapunguze mwendo. Wimbi lake likaupiga ukingo, jike akaruka nyuma na kutokomea kwenye matete. Picha nilikuwa nimeshaipata. Kilichoniuma ni kwamba mnyama yule alikuwa hajamaliza kunywa. Tulikaa palepale, injini ikiwa imezimwa, hadi muda wetu wa kuwa ziwani ulipokwisha, naye hakurudi.