Nzuri, lakini siyo ile yangu

"Nzuri, fundi. Lakini siyo ile yangu."

Tangu Jumanne maneno hayo hayajanitoka. Ni ya mzee mmoja wa Capri Point, hapa Mwanza, niliyemtengenezea amplifaya yake (mashine ya kukuza sauti) ya Kijapani ya mwaka 1978. Nilimpelekea nyumbani, tukaiunga, akasikiliza mkono ukiwa juu ya mfuniko, kisha akasema hivyo kwa upole. Nikajibu haraka, "Ndiyo hiyohiyo, mzee." Akanyamaza, akanilipa.

Siyo yake kwa lipi? Kapasita kubwa (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme) za maikrofaradi 10,000, volti 63, nilizimaliza chaji kwa rezista ya omu 100 ya wati 5, nikaweka za ujazo uleule za volti 80. Volti zikizidi hakuna ubaya; zikipungua ndipo kapasita hupasuka. Zile ndogo zilizo karibu na bati la kupoozea zilikuwa zimekauka, nikazibadilisha pia. Kapasita iliyokadiriwa kuishi saa 2,000 kwa nyuzi 105 huishi mara mbili zaidi kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua, na mashine hiyo ilikuwa inafunikwa kitambaa cha kufuma ili vijidudu vya ziwani visiingie! Vidole vya rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) nilivisugua kwa karatasi yenye spiriti ya isopropili. Msasa hapana, unakwangua fedha iliyopakwa juu.

Niliiwasha kupitia balbu ya wati 60: iling'aa, ikafifia, maana yake hakuna shoti. Baada ya nusu saa ya kupata moto nikaweka sawa mkondo unaopita hata muziki ukiwa kimya: milivolti 11 kwenye rezista ya omu 0.22, yaani miliampea 50, kushoto na kulia. Umeme mnyoofu (DC), usiotakiwa kufika kwenye spika, ulikuwa milivolti 8 tu kwenye matundu ya spika. Ukizidi 50 siitoi.

"Lakini siyo ile yangu."

Ijumaa tulimzika baba mdogo Sengerema, na tukiwa darajani Busisi usiku, Mama Kulwa amesinzia, ndipo likanijia: vipimo vyote nilivifanya kwa spika zangu. Zake zina ukingo wa povu kuzunguka koni (karatasi ya spika inayotikisika), na povu huozeshwa na unyevu. Ziwa liko chini ya dirisha lake. Kapasita zilizokauka zilikuwa zinapunguza besi mwaka baada ya mwaka, koni hazisogei sana. Sasa besi imerudi, koni zinasukumwa mbali, na ukingo uliochanika unakoroma. Mzee alisikia kitu cha kweli!

Nimefurahi mno. Jumatatu nitabonyeza koni polepole kwa vidole kuzunguka kitovu. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagusa sumaku. Nikibandika ukingo mpya nitapitisha sauti ya hezi 30 kwa chini sana kabla gundi haijashika, nihakikishe koili imekaa katikati. Na nitamwomba radhi kwa kumjibu kabla sijasikiliza.