Kushambulia upande wa mfalme: hesabu kwanza, cheki baadaye

Ukitazama sataranji inayochezwa barazani hapa Lamu, utaona ugonjwa mmoja. Malkia anatoka mapema, anakwenda h5 (kila mraba unatajwa kwa herufi ya safu, a hadi h, na namba ya mstari, 1 hadi 8, kuanzia upande wa nyeupe), anapiga cheki, yaani kumtishia mfalme moja kwa moja, mbili tatu za kufurahisha watazamaji, kisha anafukuzwa na vitunda, zile kete ndogo za mbele, hadi nyumbani. Kila akifukuzwa, mpinzani amepata hatua ya bure ya kutoa kete zake. Hilo si shambulizi.

Kabla ya kugusa kete yoyote, hesabu. Ni kete zako ngapi zinazoweza kufika karibu na mfalme wake kwa hatua mbili au tatu? Na zake zinazomlinda ni ngapi? Malkia na farasi peke yao wanatosha mara chache sana. Kete tatu dhidi ya mlinzi mmoja au wawili, hapo kuna la kuzungumza. Mlinzi wa kumtazama zaidi, ukicheza nyeupe, ni farasi wake wa f6, maana yeye ndiye anayelinda h7 na kumzuia malkia wako asikae h5 wala g4. Ngome ya f8 inaonekana kubwa, lakini kazi yake hasa ni kulinda f7.

Cha pili ni katikati ya ubao. Ukishambulia pembeni huku katikati kuko wazi, atakujibu kwa kupasua katikati, na kete zako zitakuwa mbali na mfalme wako mwenyewe. Mpangilio ninaoupenda ni vitunda vyako d4 na e5 dhidi ya vyake d5 na e6. Kitunda cha e5 kinamfukuza farasi wa f6 na kumnyima njia ya kurudi. Bado anaweza kusukuma kitunda c5, kwa hiyo usilale.

Sasa kafara maarufu ya h7, yaani kutoa kete kwa makusudi ili kumfikia mfalme, iliyomo katika michezo ya Greco, Mtaliano wa karne ya 17. Askofu wako yuko d3, farasi f3, malkia d1, askofu wa pili c1 na njia yake wazi, kitunda e5. Mfalme wake amejificha g8. Askofu anakula h7 na cheki, mfalme anamla, farasi anaruka g5 na cheki tena. Mfalme ana njia tatu.

Akirudi g8, malkia h5 na tishio la kumfunga h7. Akisogeza ngome e8 ili apate pa kukimbilia, malkia ale f7 na cheki, mfalme h8, malkia h5, mfalme g8, malkia h7, mfalme f8, malkia h8, mfalme e7, malkia ale g7: chekimeti, mfalme hana pa kwenda na mchezo umekwisha, mradi d8 imezibwa na kete yake mwenyewe, na mara nyingi imezibwa na malkia wake. Wengi wanasahau kula f7 kwanza, wanakwenda h7 moja kwa moja, na mfalme anaponyoka.

Akienda h6, farasi anakula e6: cheki inafunguka kutoka c1, na malkia wake wa d8 ameshikwa. Njia ngumu ni g6. Hapo malkia g4. Akijibu kwa kitunda f5, malkia arudi g3, na farasi akiondoka g5 cheki inafunguka nyuma yake. Kama hukuihesabu njia hii mpaka mwisho, usimtoe askofu.

Kafara hii huharibika kwa sababu zinazojulikana. Askofu wake yuko e7 na anaweza kumla farasi wa g5; hilo linavumilika tu kama una kitunda h4 na ngome h1, kwani kitunda kikila g5 safu ya h inafunguka na cheki. Au farasi wake anaweza kufika f8, ngome ikishaondoka hapo. Au askofu wake anaweza kuingia f5 au e4 na kulinda h7 kutoka mbali. Angalia yote matatu kila mara.

Kama mpinzani ameweka kitunda g6 na askofu g7, sahau h7. Mfalme wako apelekwe c1, askofu e3, malkia d2, askofu h6, ubadilishane na yule wa g7, halafu kitunda h4, h5, ufungue safu kwa ngome ya h1. Kama amesukuma h6 bila kulazimishwa, amekupa pa kushika: g4, kisha g5.

Wafalme wote wakiwa upande mmoja, usisukume vitunda vya mbele ya mfalme wako ovyo. Tumia ngome: e1, e3, kisha g3 au h3. Farasi wa f3 aondoke kwanza, la sivyo ameziba njia.

Akitaka kubadilishana malkia nawe umeshatoa askofu, kataa, hata kama ni kwa kurudi nyuma hatua moja. Kama hujatoa kitu na kitunda cha e5 bado kiko imara, badilishana tu. Nafasi uliyopata haipotei.